Sema Kimekwama

Kule kwenye karakana ya ndege walimwita Mlingoti, na jina hilo alikuwa amekwisha kulizoea. Mtu mwenye urefu kama ule habishani na jina. Kazi yake ilikuwa viti, viti tu. Kitufe kikigoma, mkanda ukikatika, mgongo wa kiti ukikataa kulala au kuamka, fundi aliyeitwa ni yeye. Na baada ya miaka kumi na miwili ya kupiga magoti katikati ya safu za viti, alikuwa na imani moja ambayo hakuna aliyeweza kumtoa: mtu anayelaza kiti chake ndani ya ndege hana adabu.

Sababu alikuwa nayo. Kila aliposafiri, aliyekaa mbele yake alibonyeza kitufe kabla hata mawingu hayajaonekana, na kiti kikamshukia magotini kama gunia la saruji. Akibisha hodi kwa upole, anatazamwa kama mwizi. Akinyamaza, anashuka akichechemea. Siku moja, saa ya chakula, akaokota mabaki ya raba nyekundu, ile ngumu wanayowekea magurudumu ya toroli yasibiringike, akachonga kabari mbili ndogo zenye ukubwa wa kipande cha sabuni. Ukizibana kwenye mikono ya kimeza kilicho mbele yako, kiti cha mbele hakilali hata akisukuma nani.

Wenzake walipoziona wakazitaka. Akachonga jozi kumi na moja, kila kabari ikiwa na alama yake ya mikato mitatu, na kila jozi akaifungia kikaratasi cha maelekezo. Kile kikaratasi ndicho alichojivunia kuliko hata kabari zenyewe. Alikiandika kwa hasira na kwa raha, na watu wa karakana wakakisoma kwa sauti mpaka mmoja akamwaga chai.

Mkuu wa karakana hakucheka. Aliposikia kuna mtu anakata raba ya kazi kutengenezea abiria mitego, aliapa kwamba akimjua atamfukuza siku hiyohiyo. Mlingoti akajitia hamnazo, na kabari zikaenda zilikokwenda, kwa mashemeji, kwa marafiki, na kwa marafiki wa marafiki.

Sasa mama yake.

Mama yake alikuwa fundi pia, wa cherehani. Ndiye aliyemrefushia suruali za shule kila muhula, akifumua upindo na kuushusha, mpaka upindo ukaisha akaanza kuunga vipande. Wiki tatu zilizopita alikuwa amepasuliwa mgongo. Daktari alimruhusu arudi nyumbani kwake kwa ndege kwa sharti moja tu, asikae wima zaidi ya nusu saa. Aegemee. "Akikaa wima safari nzima, tulichokifunga humo ndani kitasogea," daktari alisema, "na tutamrudisha mezani." Safari yenyewe ilikuwa ya saa tatu.

Mlingoti hakutetereka. Viti vya ndege ile alivijua tabia, kimoja kimoja. Akamchagulia mama kiti cha safu ya kumi na saba, cha kandokando ya njia, kwa sababu kile kililala kuliko wenzake kwa upana wa vidole viwili, na aliyekirekebisha ni yeye mwenyewe. Yeye akajiwekea nafasi kwenye safu ya kumi na mbili, kwenye mlango wa dharura, ambako mtu mrefu ananyoosha miguu kama yuko sebuleni kwake. Pale mgonjwa haruhusiwi kukaa, hiyo ni sheria. Kwa hiyo hakuwa amemnyima mama yake kitu. Alijiambia hivyo mara mbili, na mtu akijiambia jambo mara mbili, ujue kuna kitu.

"Taa ya mkanda ikizimika, bonyeza hapa, uegemee," alimwelekeza mama. "Usingoje."

"Nimesikia, baba. Nenda ukakae."

Ndege ikapaa. Mlingoti akanyoosha miguu, akafumba macho, akajisikia mtu mwema. Alipokuja kumwangalia mama, dakika arobaini zilikuwa zimepita, na mama alikuwa wima kama mshumaa. Jasho lilimtoka juu ya midomo, na mikono yake yote miwili ilikuwa imeshika kiti.

"Mama, mbona hujaegemea?"

"Kimegoma. Si neno, nitavumilia."

Mlingoti akabonyeza kitufe, akasukuma mgongo wa kiti. Ukasogea upana wa kidole, ukasimama. Akasukuma tena. Hapo mkono wake ukamwambia jambo ambalo hakutaka kulisikia. Kiti kibovu kinasimama kwa ghafla, chuma kwa chuma. Hiki kilisimama kwa ulaini, kikadunda kidogo, kikasimama tena. Kilikuwa kimekalia raba.

Akainua macho polepole. Nyuma ya mama alikaa bwana mmoja mrefu, mrefu kwelikweli, kimeza chake kimefunikwa na ramani ya viwanja, na penseli sikioni. Mpima ardhi. Na pale pembeni ya ramani, kwenye mkono wa kimeza, ilichungulia kabari nyekundu yenye mikato mitatu.

Mlingoti alihisi uso unamchoma.

"Samahani, kaka," akaanza, kwa sauti ya kumpaka mtu mafuta. "Naomba uondoe hivyo vitu. Mama yangu amepasuliwa mgongo. Lazima aegemee."

Mpima ardhi akatazama dirishani, ingawa dirisha lilikuwa viti viwili mbali. "Vitu gani? Kiti chake kimekwama."

"Hakijakwama."

"Wewe umejuaje?"

Swali zuri. Mlingoti akaonyesha kwa kidole. "Naviona hapo. Vyekundu."

"Sikiliza, bwana," mpima ardhi akasema, akiiweka penseli chini. "Mimi kazi yangu mipaka. Mwenye kiwanja anaishia kwenye jiwe lake, na hapa jiwe langu ni hiki kimeza. Ningekuwa na magoti ya kukunja nikayatia mfukoni, ningemwachia mama. Sina. Unaniona nilivyo."

Alimwona. Ilikuwa kama kujitazama kwenye kioo na kutamani kukipiga kioo ngumi.

Mhudumu akaja na tabasamu lake la kazi. Mpima ardhi akavuta ramani, kabari zikafunikwa. Mhudumu akasikiliza pande zote mbili, akatingisha kichwa kwa huruma, kisha akasema maneno yaliyomkera Mlingoti kuliko matusi. "Kulaza kiti ruhusa ipo, kaka, ila na wa nyuma naye anataka nafasi. Sisi tunawaomba abiria muelewane wenyewe. Kama kiti kibovu, nitamwandikia fundi akiangalie tukitua."

"Fundi," alisema Mlingoti.

"Ndiyo. Tuna mafundi wazuri sana."

Angeweza kuinua ile ramani kwa kidole kimoja. Lakini mhudumu angezichukua kabari, angeziandikia ripoti, na ripoti ingetua mezani kwa mkuu wa karakana, ambaye angeitambua ile raba kabla hajavaa miwani. Mlingoti akaiacha ramani ilivyo, mhudumu akaenda zake, na mama akatoa mguno mdogo aliodhani hakuna aliyeusikia.

"Usigombane na watu kwa ajili yangu," mama akasema bila kugeuka, maana kugeuka hakuweza. "Huyo naye ana miguu yake."

Mguno ule ndio uliommaliza. Mlingoti akachuchumaa kando ya mpima ardhi, akamsogelea sikioni. "Hizo kabari nimezichonga mimi."

"Nini?"

"Mimi ndiye fundi wa viti hivi. Mikato mitatu, ni alama yangu. Ya kulia ina kovu ubavuni, kisu kiliteleza. Angalia."

Mpima ardhi akainua ramani, akaangalia. Uso wake ukabadilika, ukawa wa mtu aliyekutana na ndugu yake aliyepotea. "Ni wewe? Kaka, umeniokoa wewe. Shemeji yangu alinipa hizi, sijapanda ndege bila hizi tena." Akachomoa pochi, na ndani ya pochi akatoa kikaratasi kilichokunjwa mara nne mpaka kimechakaa. "Hata maneno yako ninayo."

"Basi zitoe. Mwenyewe nakuomba."

Mpima ardhi akakikunjua kikaratasi juu ya viwanja vyake, akasoma taratibu kwa sauti ya chini. "Akijaribu kulaza kiti, wewe tazama dirishani. Akiuliza, sema kimekwama. Akiita mhudumu, funika." Akasita, akamtazama Mlingoti kwa jicho la pembeni. "Na hapa je, umeandika nini? Akisema ana mgonjwa, usiamini. Kila anayetaka kulala ana mgonjwa."

 Siku Mlingoti alipoandika mstari ule, karakana nzima ilicheka, na yeye alicheka kuliko wote. Alitamani kukila kile kikaratasi, akitafune na kukimeza mbele ya abiria wote.

"Huyu ni mgonjwa kweli," akasema.

"Naona. Sina roho ya jiwe." Mpima ardhi akasugua goti lake kama anayeliuliza shauri. "Lakini nikizitoa, kile chuma kinanikaa hapa kwa saa mbili na ushee. Wewe mwenyewe unajua. Hebu niambie, wewe umekaa wapi?"

Swali lile Mlingoti alikuwa amelikwepa tangu alipoinuka kwenye kiti chake. Lilikuwepo muda wote, jepesi, halikuhitaji mhudumu wala ramani.

"Mlango wa dharura," akasema.

Mpima ardhi akaichomeka penseli sikioni. Akaanza kukunja viwanja vyake.

Walibadilishana. Mpima ardhi akaenda mbele akitembea kwa heshima, kabari akaziacha kwenye kiti pamoja na kikaratasi, na Mlingoti akajikunja nyuma ya mama yake kama meza ya kukunja iliyokunjwa vibaya. Akazitoa kabari, akazitia mfukoni.

"Mama, jaribu sasa."

Kiti kikashuka, chote, na vile vidole viwili vya ziada alivyovisifia. Kikamkalia juu ya magoti yote mawili. Machozi yakamlenga, akauma meno. Lakini mbele yake alisikia mama akishusha pumzi ndefu, pumzi ya mtu aliyetua mzigo, na akajiambia basi, yamekwisha.

Hayakwisha.

"Amekubali yule bwana?" mama akauliza, macho yakitazama dari. "Mungu ambariki. Anakaaje sasa huko nyuma, maskini?"

 Mkono wa mama ukapita polepole katika upenyo wa viti viwili, ule mkono uliozoea kupima bila utepe. Ukagusa kitambaa cha suruali. Ukashuka na mshono mpaka kwenye goti lililobanwa, ukalizunguka kwa kidole gumba.

"Ni wewe," mama akasema.

"Niko sawa, mama. Nafasi ipo tele."

Kitufe kikalia. Kiti kikainuka, kikasimama wima.

"Mama, laza kiti."

"Siwezi kukulalia magoti, baba."

"Daktari amesema nini?"

"Daktari hajui miguu yako. Mimi naijua."

Akamsihi. Akamkumbusha meza ya upasuaji. Mama akalaza kiti kidogo kumridhisha, dakika moja haikupita akakirudisha. Mara ya pili ikawa hivyohivyo. Mara hiyo aliporudi wima alitoa sauti, na shingo yake ilikuwa imelowa jasho. Mlingoti alipandwa na hasira asiyojua aielekeze wapi. Kwa mama haikuelekea. Kwa mpima ardhi haikuelekea. Ilizunguka ndani ya ndege nzima, ikarudi kwake.

Hapo mkono wake ukagusa mfukoni.

Katika mafundi wote wa viti, hakuna aliyekuwa amewahi kufikiria kuitumia kabari upande ule. Nani angetaka? Lakini yeye alikijua kile kiti. Mgongo ukishalala, pale chini kwenye bawaba panafunguka upenyo, na upenyo ule ukijazwa, kiti hakiamki mpaka atake aliyeujaza.

"Haya mama, dakika tano tu," akasema kwa upole. "Ukichoka, rudisha."

"Dakika tano," mama akakubali. Kiti kikashuka.

Mlingoti akapenyeza mkono chini, akasukuma kabari ya kwanza, kisha ya pili, akazigongomea kwa kiganja taratibu, huku magoti yake yakilia kimyakimya. Akarudi nyuma, kama mahali pale palikuwa na nyuma.

Kitufe kikalia. Kikalia tena. Kikalia mara tatu mfululizo.

"Baba, hiki kiti hakirudi."

Akatazama dirishani. "Kimekwama, mama."

"Kimekwamaje? Sasa hivi kilikuwa kinakwenda."

"Vinakwama hivi viti."

"Si wewe fundi? Kitengeneze."

"Vifaa viko karakana."

 Mama alikuwa amelea mtoto mmoja tu, na kila uongo wake alikuwa ameusikia ukianza kutambaa. Mlingoti akangoja aitwe kwa jina lake kamili. Badala yake, mkono ukapita tena kwenye upenyo, ukatua juu ya goti, ukabaki hapo.

"Fundi gani aliyeshughulikia kiti hiki?" mama akauliza, sauti imeanza kulegea.

"Mimi, mama."

"Basi wakufukuze kazi."

 Mkono ukawa mzito juu ya goti, kisha mkoromo mwembamba ukaanza. Kule mbele, kwenye mlango wa dharura, miguu miwili mirefu ilikuwa imenyooshwa mpaka mwisho, viatu vimevuliwa. Mlingoti aliitazama kwa wivu, akatazama saa. Zilikuwa zimebaki saa mbili kasoro dakika tano.