Mlango wa Shule ya Kibua

Mama Solange, mwalimu mkuu wa shule ya msingi pale Kibua, alikuwa na sheria moja asiyoigusa mtu. Bendera ikianza kupanda, mlango wa ua unafungwa kwa kufuli, na aliyechelewa, awe mtoto au mwalimu, anangoja nje mpaka mapumziko. Wakaguzi walimsifu kwa hilo. Naye, tuseme ukweli, sifa hizo zilimkaa vizuri.

Ndiyo maana asubuhi ile alipomwona mwalimu Jacques akiinua mkono nje ya ua, aligeuza uso akaendelea kuimba wimbo wa bendera. Jacques hakupiga kelele. Walimu wa Kibua walishazoeshwa kwamba nje ni nje. Alingoja mapumziko ndipo aombe pikipiki ya mwalimu mkuu, maana mkewe, Nicole, alikuwa na uchungu tangu jana yake na mtoto alikuwa hatoki. Pikipiki ilipofika kwake, wanawake walikuwa wameshaanza kulia. Mama na mtoto walizikwa pamoja.

Jumamosi iliyofuata walimu walikutana kama kawaida kufundishana namna ya kufundisha. Solange hakufungua kitabu. Aliuliza:

"Munaniogopa juu ya nini?"

Kasoki, wa darasa la tatu, akasema:

"Mama Directrice, mutoto wangu alikuwa na malaria, mie nikafundisha nikilia mu roho. Nilijua utasema tu sheria njo sheria, règlement njo règlement."

Ilimuuma Solange, tena sana. Lakini alirudi Jumamosi nyingine, na nyingine, akasikiliza. Mlango ukang'olewa. Kila asubuhi kabla ya bendera walimu waliulizana habari za nyumbani, na aliyelemewa, wenzake walimshikia darasa. Kasoki alianza tena kucheka. Wakaguzi walikuja, wakasifu, na safari hii Solange alitamani wanyamaze.

Maana Jacques alikuwa haingii. Alirudi kazini baada ya matanga, lakini kila asubuhi alisimama pale palipokuwa mlango mpaka mapumziko, Kasoki akimshikia darasa. Walimu walimbembeleza wakachoka.

Siku moja, wimbo ukiwa katikati, Solange alitoka mstarini mbele ya shule nzima, akaenda kusimama naye.

"Ingia, Papa Jacques. Mulango haiko tena."

"Mama Directrice, ile siku kama ningepiga kelele, ungenifungulia?"

Solange alitamani kusema ndiyo. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Akaona haya kulitoa.

"Hapana, Papa. Singekufungulia."

Jacques akaangua kilio, mara ya kwanza tangu mazishi, kwa sauti, watoto wote wakimtazama. Solange akalia naye. Kisha Jacques alijifuta uso kwa mkono wa shati, akapita katikati ya nguzo mbili zilizobaki, akaenda kusimama mbele ya mstari wa darasa lake. Wimbo ulikuwa haujaisha.