Kumfuata Mutindi Hadi Kitui

Jumanne asubuhi, mwaka wa themanini na sita, mashine ya kusaga unga ya Kivuva ilikuwa ikinguruma pale sokoni Tawa na foleni ya wanawake ilikuwa imefika barabarani, wakati mkewe Kaluki alipoingia mbiombio na kumpigia kelele sikioni.

"Baba Nthenya! Mama bado hajarudi!"

Kivuva alizima injini. Alikuwa mweupe kwa unga kuanzia nyusi hadi viatu, na kwa namna alivyokunja uso, unga ulimdondoka mashavuni.

"Alisema siku mbili."

"Alisema siku mbili Alhamisi iliyopita. Leo ni Jumanne. Na Jumamosi wageni wanafika."

Wageni wenyewe hawakuwa wa mchezo. Walikuwa watu wa Kathonzweni waliokuwa wakileta mbuzi wa ntheo, wale ambao wakishapokewa, msichana huwa ni mke wa watu. Msichana ni Nthenya, kifungua mimba wa Kivuva, mwalimu wa shule ya msingi. Na mbuzi hao hawawezi kupokewa bila bibi wa nyumba kuwepo. Bibi huyo alikuwa Mutindi, mama yake Kivuva, mwenye miaka sitini na mitatu. Wakati huo hakuna aliyejua alikokuwa.

Wanawake wa foleni walisikia yote. Mmoja wao, mshirika mwenzake Mutindi kanisani, alitikisa kichwa. "Sisi tumemwombea sana," alisema. "Hiyo roho ya kutangatanga si ya kawaida."

Kivuva alijua vizuri yaliyosemwa. Wengine walisema watoto wamemfukuza mama yao. Wengine walidai ana mzee wake huko Mtito Andei. Wenye huruma walisema ni uchungu wa kufiwa, utapita. Haukuwa umepita, na huu ulikuwa mwaka wa kumi. Mumewe alikuwa mfanyakazi wa reli aliyerudi nyumbani mara moja kwa mwaka, na katika miaka yote ya ndoa Mutindi hakuwahi kuvuka mlima wa Tawa ila kwenda hospitali. Mumewe huyo alipofariki, Mutindi alikaa mwaka mzima kama ipasavyo. Kisha asubuhi moja akafunga leso, akachukua kikapu, akaondoka. Tangu hapo hakukaa. Mwingi, Voi, Thika, Taveta. Akirudi anapalilia shamba lake wiki tatu, anaangalia mbuzi wake, halafu mnamwona anatazama barabara.

Kivuva na ndugu zake walikuwa wamemwita kikao mara mbili. Mara zote mbili aliwasikiliza kwa heshima, akawashukuru, na wiki iliyofuata akaondoka.

"Nitamfuata," Kivuva alisema sasa, akajipangusa unga.

Kaluki alimtazama kwa wasiwasi. "Wewe?"

Swali lilikuwa la haki. Kivuva hakupenda safari hata kidogo. Akipanda gari, tumbo lilimgeuka kabla kona ya kwanza haijaisha. Machakos kwake ilikuwa mbali.

* * *

Kivuva alifika Kasikeu mchana huohuo, kofia yake ikiwa haivaliki tena kwa kuwa aliitapikia njiani. Dada ya mama yake, Muthoki, ambaye Mutindi huanzia kwake safari zake, alimpa maji ya kunawa na uji mwepesi.

"Alilala hapa usiku mmoja tu," Muthoki alimwambia. "Hata mimi nilimsema. Nikamwambia, Mutindi, miguu yako haina mwenyewe? Akacheka. Alikwenda Kambu kwa mtu anaitwa Nzuki, mwenye hoteli."

"Anamjuaje mtu wa Kambu?"

"Mama yako?" Muthoki alisema. "Uliza nani hamjui."

Kesho yake asubuhi Kivuva alipanda basi la barabara ya Mombasa, akafumba macho, na kufumbua aliposhushwa Kambu. Malori yalikuwa yamepangana kando ya lami, wanawake wakipita na asali kwenye chupa na ukwaju kwenye vikapu. Hoteli ya Nzuki ilikuwa kibanda cha mabati chenye meza tatu. Kivuva aliagiza chai ya rangi, akaketi karibu na mlango kwa ajili ya tumbo lake, na ndipo akauliza kama kuna mama mmoja mzee wa Tawa aliyepita hapo.

Nzuki, mwanamume mnene mwenye aproni, aliweka birika chini.

"Mutindi? Wewe ni wa Mutindi?"

"Mimi ni mtoto wake."

"Wa mashine ya unga! Kivuva!" Nzuki aligeukia jikoni. "Mama Mbula! Toka uone! Mtoto wa Mutindi amekuja, na mimi nimempa chai ya rangi kama mpita njia!"

Kabla Kivuva hajajua la kujibu, alikuwa ameketishwa ndani, mbele ya sahani ya nyama, na mke wa Nzuki anamwambia habari za nyumbani kwake mwenyewe. Walijua kuwa Kaluki alikuwa amejifungua kwa shida mtoto wa tatu. Walijua kuwa mashine ilikatika mkanda wakati wa Krismasi. Walijua kuwa Nthenya anaolewa, na kijana ni fundi wa redio.

"Ile mashine anaisifu sana," Nzuki alisema. "Anasema hakuna unga laini kama wako toka hapa mpaka Mombasa, na yeye ameonja wote."

Kivuva alitafuna polepole. Mama yake hakuwahi kumwambia hayo. Ila ukweli ni kwamba yeye naye hakuwahi kumuuliza lolote.

"Na sasa yuko wapi?"

"Kitui. Alipata lori la maharagwe linalopitia Ikutha. Nilimwambia njia ya Machakos ni nzuri zaidi. Akasema hiyo anaijua, hii ya Ikutha ndiyo hajaipita."

* * *

Kivuva alilala kwa Nzuki, na kesho yake Alhamisi, mapema, likapatikana lori jingine la kwenda Kitui kupitia Kibwezi. Nzuki ndiye aliyezungumza na dereva, naye dereva aliposikia ni mtoto wa nani akamweka Kivuva mbele, karibu na dirisha.

"Mama yako alinifundisha kitu," dereva alisema. "Usiangalie karibu. Angalia mbali, pale mwisho kabisa. Tumbo litatulia."

Kivuva hakuamini, lakini hakuwa na kofia nyingine ya kuharibu. Alitazama mbali. Barabara ilikuwa ya udongo mwekundu, ikinyooka katikati ya vichaka vya miiba, na ng'ambo vilima vya bluu vilikuwa vimekaa kama watu wanaongoja kuanza ibada. Walivuka Mto Athi. Alikuwa akiuona ule mto kwenye ramani ya darasani tangu utotoni, mstari mwembamba tu. Sasa ulikuwa chini yake, mpana, wa kahawia, na mbuni wa maji, kama alivyowaita wale ndege wenye miguu mirefu, walikuwa wamesimama ndani wakivua. Aliuliza jina lao. Dereva hakulijua. Kivuva alijikuta amegeuza shingo kuwatazama hadi mto ulipopotea, na hapo ndipo alipogundua kwamba saa nzima hakuwa amekumbuka tumbo.

Kitui mjini aliingia alasiri. Aliuliza watu wawili tu. Wa pili, mshonaji wa kanzu, alimwonyesha kwa kidole mlango wa kijani nyuma ya msikiti.

Mutindi alikuwa uani, ameketi kwenye mkeka, anachambua mchele na mama mwenzake aliyevaa buibui. Leso yake ilikuwa na vumbi la Ikutha bado.

"Mwaitu!" Kivuva aliita, kama walivyomwita mama yao tangu wadogo. Siku tatu alikuwa akiandaa maneno makali. Yote yaliishia kwenye neno hilo moja.

Mutindi aliinua uso. Hakushtuka. Alifurahi, furaha tupu, kama mtu aliyeletewa zawadi. "Umepita Ikutha?"

"Nimepita Ikutha."

"Umeuona mto?"

"Mwaitu, wageni wanakuja Jumamosi! Nimekutafuta siku tatu!"

"Jumamosi najua. Kesho asubuhi nilikuwa napanda basi. Nani alikuambia nimesahau mjukuu wangu?" Akamgeukia mwenyeji wake. "Mwanahamisi, ndiye huyu Kivuva."

"Karibu, mwanangu, karibu," Mwanahamisi alisema, akainuka kumtafutia kiti. "Mimi na mama yako tulikutana kwenye treni ya Mombasa. Nilishikwa na homa, akanilaza kichwa mapajani mwake hadi Changamwe. Sasa Mwislamu mimi, Mkristo yeye, tumekuwa kama tumbo moja. Keti, ule."

Kivuva alikula pilau ambayo hakutarajia kuipenda. Mwanahamisi alipoenda kuswali, mama na mtoto walibaki wawili. Kivuva aliweka sahani chini.

"Nieleze tu sababu, Mwaitu. Nikiijua nitanyamaza."

Mutindi alichambua mchele kidogo kabla ya kujibu.

"Kila mtu huniuliza sababu. Mwaka wa kwanza nilisema nafuata mikeka ya kuuza. Mwaka wa pili nikasema nina mgonjwa Mwingi. Kivuva, nimeua jamaa wengi ambao hawakuwahi kuzaliwa. Nimekwenda matanga ambayo hayakuwepo. Nikachoka kudanganya, mimi ni mtu wa kanisa. Nasafiri kwa sababu napenda. Nikiamka mahali ambapo sijui jogoo anayewika ni wa nani, nafurahi siku nzima. Basi."

"Kwani sisi hatukutoshi?"

"Mnanitosha. Nisingekuwa na ninyi ningerudi wapi?" Aliendelea bila hasira. "Baba yako alikuwa akirudi kutoka reli tunamwekea kiti, anasimulia hadi tunasinzia. Alituambia Voi kuna saa kubwa kama ghala la mahindi. Nimekwenda, hakuna saa kama hiyo. Alikuwa mwongo, lakini alikuwa na raha yake. Yeye akirudi tulimwekea kiti. Mimi nikirudi mnaniwekea kikao."

Kivuva alichukua ungo wa pili, akaanza kuchambua mchele, kazi ambayo hakuwa ameifanya tangu alipooa.

"Wale ndege wa mtoni," alisema, "wale wa miguu mirefu. Wanaitwaje?"

"Sijui," mama yake alisema. "Lakini umeona wanavyovua? Mmoja anasimama hata nusu saa." Akamsimulia, na jua likashuka ukutani wakiwa bado wanazungumza.

* * *

Ijumaa basi lilivunjika springi kabla ya Machakos, wakalala kwa binamu, na Jumamosi walipoteremka Tawa wageni walikuwa tayari wameketi uani. Mbuzi watatu walikuwa wamefungwa chini ya mti wa mparachichi. Kaluki alikuwa amechemsha chai mara mbili na kumaliza visingizio vyote alivyokuwa navyo. Alipowaona mume na mkwe wake wakiingia na vumbi hadi masikioni, alishika kifua, kisha akacheka bila kutaka.

Msemaji wa wageni alikuwa mzee aitwaye Nzomo, mwenye sauti ya taratibu na bakora aliyoizungusha kila alipofikiri. Baada ya salamu na maombi, aliizungusha mara mbili.

"Tumewapenda watu wa nyumba hii," alianza. "Lakini ni vizuri kuuliza leo kuliko kulalamika kesho. Huko kwetu tumesikia kuwa bibi wa hapa hakai. Leo tumejionea, tumefika kabla yake. Sasa tunauliza: huyu msichana naye atakaa?"

Mutindi alivuta pumzi ili ajibu, lakini Kivuva alikuwa amekwisha simama. Hilo ndilo swali aliloliogopa miaka kumi.

"Mzee Nzomo, umesikia vizuri. Mama yangu hakai, na anakotoka watu wanamlilia arudi. Wiki hii nimekula kwa watu nisiowajua na kulala kwao bure, kwa sababu tu mimi ni wake. Mimi ndiye ninayekaa, na nje ya soko hili hakuna anayejua jina langu ila wale aliowatajia yeye. Kama Nthenya atakuwa amemfuata bibi yake, mtakuwa mmepata. Kama amenifuata mimi, mtapata mtu wa kuwalindia nyumba. Muulizeni mwenyewe."

Nthenya, aliyekuwa ameinamisha kichwa kama bibi harusi anavyotakiwa, aliinua macho kidogo. "Nitakaa," alisema. "Likizo za shule nitaomba ruhusa."

Kijana wake, yule fundi wa redio, alicheka kwa sauti, akakohoa kujificha. Nzomo alimtazama, akamtazama msichana, kisha akamgeukia Mutindi.

"Mama, ni kweli mlikwenda Kitui kwa njia ya Ikutha, kama mlivyosema kwenye salamu? Mimi nilipita huko na ng'ombe mwaka wa arobaini na tisa. Kile kisima cha njiani bado kipo?"

"Kipo, lakini wamekijengea," Mutindi alijibu, akasogeza kiti chake karibu.

Basi mambo ya mbuzi yalikwisha kwa haraka sana, na yaliyobaki ya mchana yakawa ya kisima, ya mto, na ya mahali palipokuwa na simba zamani. Wazee wengine wawili walijiunga. Kaluki alichemsha chai ya tatu.

Kivuva hakugeuka msafiri. Jumatatu alirudi kwenye mashine yake, na Agosti iliyofuata alipojaribu kwenda Mombasa na mama yake, tumbo lilimshinda Sultan Hamud ingawa aliangalia mbali kadiri alivyoweza. Akashuka, akarudi. Lakini vikao vilikwisha. Mutindi alipoona barabara inamwita, Kaluki ndiye aliyemfungia chapati, na Kivuva mwenyewe alimbebea kikapu hadi kituoni, akiwa na unga wake mwilini, mbele ya foleni yote. Mwezi wa Oktoba Mutindi alikwenda Kathonzweni kuona nyumba ambako Nthenya angeolewa, akafika huko miezi miwili kabla ya bibi harusi, na Nzomo akamchinjia kuku.