Mshono Uliofumuka

Fundi cherehani hakuwahi kuogopa kitambaa kilichochanika. Lakini siku ya tisa tangu binti yake apasuliwe kutoa mtoto, alipofunua bandeji akakuta mshono umefumuka upana wa vidole viwili, na usaha ndani, aliogopa.

"Umeachia kidogo tu," alimdanganya mwanawe. Akafanya alilolijua: akavuta kingo za kidonda zikakutana, akazibana kwa plasta tatu, akasali. Palipofumuka hushonwa, kwa kauli hiyo alikuwa amelea watoto tangu awe mjane.

Siku mbili kidonda kikapendeza kwa juu. Asubuhi ya tatu binti akatetemeka, meno yakigongana, mwili moto kama pasi. Harufu ikajaa chumba. Kichanga kililia, mama yake asigeuke.

Hospitalini, kwenye chumba cha kusafishia vidonda, nesi mtu mzima alivaa glavu. "Nani kafunga hivi?"

Fundi alitazama mlango. Akisema, huenda wakamtoa asimguse tena mwanawe. Asiposema, watajuaje ubaya umefungiwa ndani tangu lini? Ee Mola, kosa ni langu, usimlipize huyu.

"Ni mimi. Juzi. Niliona usaha, nikafunga."

Nesi hakumfokea, afadhali angefoka. Alimwita daktari, sindano ya dawa ikaingia mshipani, ndipo plasta zikabanduliwa. Usaha ukaruka. Binti akapiga yowe, akamng'ang'ania mama yake mkono.

"Mama, umenifanya mto wa kochi?"

"Nisamehe, mwanangu."

"Mama, sikiliza," nesi alisema, akiosha kwa maji ya chumvi. "Kidonda chenye usaha hakifungwi mdomo. Nyama huota toka chini ikipanda. Tunakiacha wazi, tunakiosha kila siku."

"Wazi? Mpaka lini?"

"Hata wiki sita. Homa ikirudi, mlete mbio."

Siku ya tano hospitalini homa ilishuka. Nesi akamkabidhi fundi glavu. "Nyumbani utasafisha wewe. Nionyeshe."

Fundi akaingiza ndani ya glavu mikono iliyozoea kutunga uzi sindanoni bila miwani.

"Leo usishone," binti alinong'ona.

Fundi akaitoa kidondani shashi ya jana, kile kitambaa chepesi cha hospitali, akainusa. Hakuna harufu. Akainusa tena, hakuamini. Kisha akalaza shashi mpya ndani, taratibu, bila kuishindilia, akakiacha kidonda mdomo wazi. Usiku ule, na kila usiku uliofuata, aliweka kiganja juu ya paji la uso wa mwanawe, akingoja joto lirudi.