Kupima Mara ya Pili

Paskalina hakati kitambaa kabla ya kukipima mara mbili. Hukinyoosha kwenye mita ya chuma iliyopigiliwa mezani, akakigeuza na kuanzia ncha ya pili, ndipo ashike mkasi. Wateja wa Kariakoo humsonya. "Wewe binti, unalipima jora au unaliombea dua?" Mama Samir, mwenye duka, hucheka tu.

Ndiyo maana lile jambo la Leticia lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Leticia ni mdogo wake. Alipomaliza darasa la saba alienda kufanya usaili wa kuingia sekondari ya masista, na Paskalina ndiye aliyempeleka. Dukani alikuwa ameambiwa awahi kurudi, mzigo unashuka. Basi akasimama kwenye dirisha la chumba cha mtihani, na kila Leticia alipoinua macho, dada mtu alijigonga kifundo cha mkono, pale panapokaa saa. Maliza, tuondoke. Leticia akawa wa kwanza kutoka, anahema.

Akafeli. Sista aliwaonyesha karatasi: mtoto aliruka swali moja la hesabu, lakini kwenye kusiliba vyumba vya majibu kwa penseli hakuiacha wazi nafasi yake. Majibu yote yaliyofuata yakakaa kwenye vyumba vya wenzao.

"Angepitia mara moja tu, angeona," Sista akasema. Ilibaki awamu moja ya usaili, ya mwisho.

Nyumbani mama yao akamshukia Leticia. "Kichwa unacho, utulivu huna! Mwangalie dada yako, kaishia la saba lakini hana pupa." Leticia aliinama, la dirishani hakulitaja. Paskalina naye akaendelea kuchambua mchele uliokwisha kuwa safi.

Tangu hapo, duka likifungwa, alikaa na mdogo wake mkekani akimtazama anavyofanya mazoezi. Akaliona kosa. Leticia akiambiwa apitie, alilisoma jibu lake, akalitikisia kichwa, akasonga mbele.

"Hapo hujapitia, Leti. Umelisalimia tu."

"Sasa nifanyeje?"

"Lizibe jibu kwa kiganja. Fanya swali kama hujawahi kuliona. Ukigawanya, zidisha uone kama unarudi ulikotoka. Na kabla hujasiliba, kidole kimoja kwenye namba ya swali, kingine kwenye namba ya karatasi. Ziangaliane."

"Nitachelewa, Dada."

"Chelewa."

Lilimtoka kwa sauti ndogo. Ile siku lingemgharimu nini kulisema?

Siku ya awamu ya pili, getini, Leticia aliinama kuvuta soksi.

"Dada, leo usisimame dirishani."

Uso ukamwaka Paskalina. "Mbona hukumwambia Mama?"

"Angekugombeza. Halafu nani angenifundisha?" Akaingia zake ndani.

Paskalina akavuka barabara, akakaa nyuma ya mkokoteni wa madafu, mgongo kaipa shule. Simu ikalia.

"Paska, uko wapi? Wateja wamejaa, na huyu Muhannad uliyemwachia mkasi anakata vitambaa kama anakata kabichi!"

"Shikamoo Mama Samir. Leo sitawahi."

"Marahaba. Sitawahi ndiyo nini?"

"Mtoto bado anapitia."

Mama Samir akaguna. "Haya. Ila ukija, kelele zako zipo."

Watoto wakaanza kutoka wawili wawili, wakibishania majibu. Wazazi wakawachukua. Muuza madafu akamuuliza kama wake kasahauliwa ndani. Miguu ya Paskalina ilitaka kuinuka, akaikunja.

Leticia alitoka wa mwisho, vidole vyeusi kwa penseli.

"Niliruka tena, Dada! Nililiruka la jedwali. Vidole ndivyo vilivyonishtua, namba hazikuangaliana. Nikafuta, nikapanga upya."

Paskalina alitaka kufurahi, machozi yakawahi. Kabla hajasema kitu, mama yao akapiga. Akampa Leticia simu, naye akaeleza yote, mpaka la vidole.

"Unaona?" Sauti ya mama ilisikika hadi nje ya simu. "Mshukuru dada yako. Bila yeye ungefeli kama ile siku, kwa hiyo pupa yako!"

"Ndiyo, Mama," Leticia akasema, macho chini.

Sifa ile ilimchoma Paskalina kuliko matusi ya wateja wote wa Kariakoo. Akanyoosha mkono.

"Nipe simu."

Leticia akaiziba kwa kiganja. "Acha tu, Dada. Yameshapita."

"Kwako hayajapita. Nipe nimwambie Mama la dirishani."