Mkalimani wa Mikumi

"Hapo, babu. Nitafsirie hapo, neno kwa neno," Marciana alisema, kidole kikiwa juu ya kompyuta.

Mzee Elineema akakuna kidevu. Tangu asubuhi, katika chumba hicho cha ofisi mjini Kilosa, maneno yalikuwa yakimtoka kama maji ya bomba lililopasuka. Siku ile ya kampeni pale Mikumi watu walikuwa wengi kuliko nyati wa mbugani! Spika zilinguruma mpaka simba wakahamia Iringa! Marciana, aliyetumwa na makumbusho kukusanya kumbukumbu za kampeni na safari ya kisiasa ya Rais, alicheka na kuandika yote.

Sasa picha ilikuwa mezani. Mgombea, kabla hajawa Rais, ameinua fimbo nyeusi. Kushoto mzee Lemayan, Mmaasai aliyempa fimbo hiyo, amenyoosha mkono kama anayebariki. Katikati yao, na kipaza sauti, Elineema mkalimani.

Fomu ilibakiza mstari mmoja: fimbo ilipatikanaje. Ikiwa ni zawadi, itakaa kwenye kabati la vioo maisha. Ikiwa iliazimwa, itarudi kwa wenyewe. Na mwenyewe alikuwa pale kwenye benchi, Nailantei, mjane wa Lemayan. Mwezi ujao mwanawe Sapit angeketi na wazee, akiwa na fimbo ya kununua mnadani badala ya ile ya babu yake.

Marciana akabonyeza, video ya siku ile ikaanza. Lemayan, aliyezikwa miaka minne iliyopita, akasema Kimaasai, taratibu, akamalizia na kicheko kidogo. Nailantei akajiziba mdomo. Papo hapo sauti ya Elineema ikadakia: "Mzee anasema, chukua! Ni fimbo ya uongozi, ni yako!" Vigelegele.

"Ndivyo alivyosema, babu?"

Kimaasai cha Elineema kilikuwa salamu mbili na jina la maziwa. Siku ile aliuona mkono wa Lemayan. Haukubariki kitu. Ulikuwa unasubiri, vidole wazi, mpaka magari yakaondoka.

"Alisema, shika upigwe picha," Nailantei akajibu, macho sakafuni. "Kisha unirudishie, ni ya baba. Nikirudi bila fimbo hiyo ng'ombe watauliza huyu nani." Akatabasamu. "Mambo yake hayo."

"Mama, fomu inamtaka mkalimani mwenyewe athibitishe." Marciana akageuka. "Babu?"

"Sijui Kimaasai."

Marciana akaangua kicheko. "Babu nawe! Hata hili?"

"Sijui, mwanangu. Hata siku ile sikujua. Waliuliza nani mkalimani, nikanyoosha mkono. Nilitaka tu kupanda jukwaani."

Nailantei akainua macho, akamtazama.

"Vijana walitaka kukufuata nyumbani," Nailantei alisema. "Mume wangu akawakataza. Alisema yule ni mtu mwema, kakosea neno moja tu."

Marciana akaandika *iliazimwa*, akamsogezea Elineema kalamu. Mzee akasaini, herufi zikapanda mlima.

"Irudie, binti yangu," Nailantei akaomba. "Pale anapocheka. Ukate kabla ya huyu."

Marciana akarudisha nyuma. Lemayan akacheka, na Elineema akadakia: "Chukua!"

Akarudisha tena, kidole tayari. Kicheko, na "Chu—"

"Sauti zimeshikana, mama."

"Jaribu tena," Nailantei alisema, akasogeza benchi karibu. Elineema akabaki amekaa, akiingoja sauti yake.