Wa Kukutua Yuko Juu

Mdogo wangu Irakoze alirudi likizo Nyakitonto na begi moja la nguo na simu iliyojaa video za wanaume wasiovaa mashati. Nikamuuliza, "Umekuja kunisaidia mihogo au kunionyesha vifua vya watu?" Akacheka, lakini kicheko chenyewe nusu. Namjua huyu, nimemlea mimi tangu mama afariki. Akicheka nusu, ujue kuna jambo.

Jambo lenyewe ni hili. Irakoze ni mwanajeshi, na tangu aingie jeshini anaota ukomandoo. Mwaka jana alikwenda kwenye mchujo, akaishia siku ya matembezi, begi zito mgongoni. Kwenye kilima cha mwisho akajiambia apumzike dakika moja tu. Akavua begi, akakaa. Kunyanyuka akashindwa, wakampakia kwenye gari pamoja na wagonjwa. Sasa walikuwa wamempa nafasi ya pili, na mkuu wake alimwambia wazi kwamba ya tatu haipo. Mwezi mmoja tu ulibaki.

"Kwa hiyo natafuta programu ya mazoezi, dada."

"Programu. Haya."

Ya kwanza aliitoa kwenye simu. Mzungu mmoja mwenye shingo kama kisiki alisema pushapu mia mbili kila asubuhi, na mayai sita. Mayai sita! Mimi nina kuku wanne, na mmoja anaatamia. Nikamwambia mayai mengine atage mwenyewe. Pushapu alipiga siku tatu. Ya nne hakuweza hata kuinua mkono achane nywele.

Ya pili ilikuwa jimu ya Hilali, Kasulu mjini. Hilali ni mtu mwema, mbele anauza vipuri vya pikipiki, nyuma ana chumba cha vyuma, na vingine ni saruji iliyomwagwa kwenye makopo ya rangi. Irakoze akawa anakwenda kwa bodaboda na kurudi kwa bodaboda. Mtu anajiandaa kutembea, anakwenda kwa pikipiki! Nikaendelea kumenya mihogo yangu, maana mimi nikifungua mdomo kuufunga ni kazi. Wiki ya pili ilipoisha mikono ilikuwa imetuna, miguu ni ileile ya korongo.

Shangazi Epifania naye akapiga simu kutoka Kibondo, akashauri afunge na kuomba siku saba. Tukamshukuru. Irakoze siku hiyo alikula ugali mara mbili.

Kisha akajaza mawe kwenye begi, akawa anapanda nayo kilima na kushuka nayo. Jirani yetu, mzee Pasikali, akaja kwangu kwa upole.

"Niyonsaba, kijana amepata madini?"

"Hapana, mzee wangu. Anafanya mazoezi."

"Ya kubeba mawe?"

"Ya kubeba mawe."

"Anayapeleka wapi?"

"Anayarudisha."

Mzee akanitazama, akasema, "Pole sana, mwanangu," akaenda zake.

Lakini mimi nilikuwa nikimwangalia kutoka shambani. Kila akifika katikati ya kilima, anavua begi. Anakaa. Anakunywa maji. Anapiga picha! Hasira ikanipanda, nikamfuata na jembe mkononi.

"Ugonjwa wako nimeuona, wewe. Mikono haina neno, hata miguu tutaisamehe. Kinachokuponza ni kutua. Kila ukichoka, unatua."

"Sasa nifanyeje, dada?"

"Kesho utabeba mihogo na sisi."

Sisi wanawake wa huku tunabeba mihogo kichwani, kwa tenga, kutoka bondeni mpaka gulioni, na gulio liko juu, baada ya vilima vitatu. Tenga likijaa, hujitwiki mwenyewe, wenzako wanakutwika. Na ukishatwikwa, kutua peke yako huwezi. Ukijaribu, mihogo yote inarudi bondeni. Basi unatembea, uchoke usichoke, kwa sababu wa kukutua yuko juu.

"Lakini dada, mwanaume kubeba kichwani?" Maana wanaume wa huku mizigo yao ni kwa baiskeli.

"Huko kwenye ukomandoo wanagawa baiskeli?"

Asubuhi nikamsokotea ngata ya majani ya mgomba, nikamwekea kichwani. Wenzangu walicheka mpaka wakashika mbavu. "Niyonsaba, huyu wifi yako mpya umemtoa wapi?" Wakamtwika. Kilima cha kwanza akatupita wote kwa mbio. Nikamwacha. Kilima cha pili tukamkuta, shingo imekakamaa, jasho linamtiririka.

"Dada, nitue."

"Mimi mwenyewe nimebeba."

"Dada, nakufa!"

"Kufa unatembea."

Machozi yakamtoka, na kujifuta hawezi, mikono yote imeshika tenga. Moyo uliniuma kweli, kidogo nirudi nyuma. Nikaanza kuimba pambio kwa sauti ili nisimsikie. Gulioni nilimtua kwa mikono yangu miwili, akalala chini palepale katikati ya vitunguu vya watu.

Nilidhani kesho yake atakimbilia kwa Hilali. Alfajiri nikamkuta mlangoni, ngata ameshaisokota mwenyewe, vibaya. Tukaenda hivyo mpaka likizo ikaisha. Kila asubuhi ananitwika mimi kwanza, kisha wenzangu wanamtwika yeye, na wifi wakaacha kumwita.

Baada ya wiki sita simu iliita nikiwa bondeni, nimetoka kujaza tenga.

"Dada, nimepita."

Nikapiga kigelegele peke yangu shambani. Nikamuuliza habari za kile kilima cha mwisho.

"Wenzangu walianza kuvua mabegi. Mimi nikajiambia, wa kukutua yuko juu. Nikafika. Ila dada, usinicheke."

"Nitacheka. Sema."

"Sajini akaniambia vua begi, nimesimama tu. Akarudia, nimesimama. Akaniuliza, kijana, unasubiri nini? Dada, nilikuwa nakusubiri wewe."

Nikamwambia kweli jeshi zima limekosa mtu wa kumtua mtu, mnafundishwa nini huko, na nikakata simu haraka, nikasingizia mtandao, maana sauti ilikuwa inanikatika na sikutaka komandoo anisikie.

Nikageuka. "Haya, njoo unitwike," nikasema, na sijui nilikuwa namwambia nani. Wenzangu walikuwa wameshatangulia, nawaona kwa mbali wanapanda kilima cha kwanza. Nikapunguza mihogo nusu, nikajitwika mwenyewe.