Jua la Nyuma ya Kioo

"Maman Euphrasie, hii kobe yako, usiku inageukaka nini?"

Ghislaine, jirani yake pale mtaa wa Cimpunda, aliuliza hivyo siku moja kwenye bomba la maji, akicheka, na wanawake wote wakacheka naye. Euphrasie hakucheka. Alijua maneno ya namna ile humfikisha wapi mjane anayeishi peke yake na mnyama asiyezeeka: kuitwa mchawi.

Jioni ile ile akamwingiza kobe wake, Kaporali, ndani. Marehemu mumewe Alphonse ndiye aliyemleta kutoka Kamanyola, angali mdogo kama kisosi, akampa jina hilo kwa mwendo wake wa askari mzee. Akawekwa sebuleni, chini ya dirisha la kioo ambalo Alphonse mwenyewe alilitia. Kila asubuhi jua liliingia, Kaporali akanyoosha shingo, na Euphrasie akasali rozari kando yake. Jua ni jua, alijiambia.

Mvua zikapita, kiangazi kikapita. Kisha macho ya Kaporali yakavimba, pua ikatoa mapovu, na mkwaruzo mdogo mguuni ukakataa kupona, ukaoza. Euphrasie akamwita Delphin, daktari anayetibu mbuzi na nguruwe wa mtaa. Delphin alibonyeza gamba kwa kidole gumba. Likabonyea.

"Inalalaka wapi, maman?"

"Pale ku dirisha. Jua inaipiga kila asubui."

Delphin akagonga kioo kwa ukucha. "Hii inaacha joto ipite. Lakini kuko mwangaza ingine ya jua, ile macho haionake. Ile kioo inaikataza. Bila ile, mifupa inalegea, na mwili inakosa nguvu ya kujipigania. Kila kamugonjwa kanaingia tu."

"Basi niitoshe inje!"

"Uitoshe, maman. Ila sikudanganye, tumechelewa. Kuko taa za ile mwangaza, lakini hapa Bukavu sijaziona. Na courant ya umeme unaijua, inakatikaka kila siku." Akamdunga Kaporali sindano, akanawa mikono. "Mbona uliiingizaka ndani?"

Euphrasie akainama, akamwinua Kaporali.

Akambeba hadi uani. Wiki ile mbingu ilikuwa imefungwa juu ya vilima. Manyunyu asubuhi, manyunyu jioni. Akakaa naye mapajani, amemfunika kitenge, anasikia pumzi yake ikikoroma. Hakuomba muujiza. Aliomba jua tu, na jua halikutoka.

Ndipo Ghislaine akachungulia mlango wa ua, akaingia. "Eeh, maman! Kumbe ungali na hii kobe? Sisi tulisema uliuzisha! Mbona inalia hivi?"

"Uliniulizaka usiku inageukaka nini," Euphrasie akasema polepole. "Niliogopa kinywa yako, nikaifungia mu nyumba. Angalia sasa. Inageukaka hii."

Akafunua kitenge, akamwinua Kaporali. Gamba likajikunja chini ya vidole vyake.

Kicheko kikamkauka Ghislaine. Alitazama kobe, akatazama lile dirisha la kioo, akatazama mbingu. Kisha akajifunga kitenge chake vizuri na kutoka.